Harufu ya Chumba cha Fundi Cherehani

Nilipoona ni namba ya mke wa fundi cherehani, niliiacha simu iite mpaka ikanyamaza. Ikaita tena, ikanyamaza tena. Mara ya tatu nilipokea, maana mtu anayepiga mara tatu mfululizo hapigi kukujulia hali. Nikamsikia akisema lile nililokuwa nalihofia: kiyoyozi kinavuma tu, baridi hakitoi, na mzee amelowa jasho mpaka godoro. Nikamwambia nakuja sasa hivi. Kisha nikakaa juu ya ndoo yangu ya vifaa kwa muda mrefu kuliko ilivyonipasa.

Bora niseme mapema, kwa kuwa njia ya mwongo ni fupi na mimi yangu nilishaimaliza yote. Miezi miwili kabla ya siku hiyo, gesi ya viyoyozi iliadimika madukani. Joto lilikuwa la kuchemsha mtu, na kila aliyekuwa na mashine mbovu alikuwa ananitafuta mimi, Barafu, kama wanavyoniita mtaa mzima. Nami nina ugonjwa mmoja mbaya: sijui kumwambia mtu kwamba jambo limenishinda. Basi siku niliyokwenda kwa fundi cherehani, nilijaza kiyoyozi chake gesi ya kupikia. Ileile ya jikoni, kutoka kwenye mtungi uleule wa jikoni.

Usishtuke sana. Inapoza, tena inapoza vizuri, na wapo mafundi wameshafanya hivyo wakauma ulimi. Ubaya wake ni kwamba ikivuja, inavujia chumbani mwa watu, na inawaka. Sikumwambia mtu. Sikubandika hata karatasi kwenye mashine ya nje kumwonya fundi atakayekuja baada yangu. Mwezi mmoja baadaye mama yule alinipigia kwamba baridi imepungua. Gesi ya kiyoyozi haiishi kama mafuta ya taa. Ikipungua, ujue pana mahali inatokea, na hilo hata aliyeanza kazi jana analijua. Nilipaswa kutafuta tundu. Lakini nilikuwa na nyumba nne zinazonisubiri, nikaongeza nyingine juu yake, nikafunga nati, nikaondoka nikipiga mluzi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo nimewaimbia wateja wengi wasiosafisha vichujio vyao, nikidhani ni yao peke yao.

Kwa hiyo njiani siku ile nilikuwa naomba. Niliomba liwe vumbi. Liwe kichujio kilichoziba, betri ya rimoti, feni iliyokwama, panya aliyekata waya, chochote kile ila tundu.

Mama alinifungulia kabla sijabisha. Nilimwamkia, akaitikia "marahaba, mwanangu" kwa sauti ya mtu asiyelala, akanipitisha sebuleni. Cherehani ya mzee ilikuwa palepale dirishani, imefunikwa shuka iliyopigwa pasi. Huyu mama ni mtu wa pasi. Wote wawili walikuwa hivyo, na mzee alimzidi. Kabla kiharusi hakijamwangusha, ulikuwa ukienda kushona suruali anakunusa kwanza. Kama unanuka jasho anakwambia rudi ukaoge ndipo nikupime, na wala hatanii. Mimi alinirudisha nyumbani mara mbili, na ya pili ilikuwa mbele ya mchumba wangu.

Mlangoni pa chumba cha mgonjwa mama alisimama kidogo, akanitazama usoni, akatazama chini. Nikajua anachoniomba. Akafungua.

Harufu ilinipokea. Ilikuwa kama ya yai viza na kabichi iliyooza, imechanganyika na sabuni na manukato ya kupulizia, na ilikuwa nzito zaidi chini kuliko juu. Mimi ni fundi. Pua yangu inaijua harufu ile kama inavyojua jasho langu. Lakini mbele yangu alikuwa mgonjwa, na mke wake ananitazama kuona kama nitakunja uso au la. Sikukunja. Nilijikaza, nikaingia na tabasamu, nikasema, "Shikamoo, mzee, leo nimekuja na baridi mpya." Adabu njema kabisa. Nilijiambia ni mgonjwa, wagonjwa hunuka, mtu mwenye heshima hasemi. Huo ndio uongo mtamu kuliko wote niliowahi kujiambia, kwa sababu ulifanana na utu wema.

Mzee alikuwa amelala juu ya godoro lililowekwa sakafuni, chini ya kiyoyozi hasa. Alikuwa ameanguka kitandani mara mbili, ndiyo sababu wakamteremsha. Upande wake wa kulia ulikuwa umekufa, na maneno yalikuwa yanamtoka mojamoja kwa shida. Nilishtuka kuona alivyokonda. Nilipoinama kumshika mkono aligeuza uso ukutani, akafunika mdomo kwa mkono wake mzima. Nikadhani ananichukia, na sikuwa na sababu ya kumlaumu. Madirisha yote mawili yalikuwa yamefungwa na kuzibwa kwa utepe wa plastiki pembeni, ili baridi isitoke. Ushauri wa utepe ulikuwa wangu.

Nikaanza kazi kwa yale madogo, kama mtu anayetafuta ufunguo mahali anapojua haupo. Rimoti ilikuwa nzima, imewekwa kwenye kupoza, nyuzi kumi na nane. Mashine ya ndani ilikuwa inapuliza kwa nguvu, ila hewa yake ilikuwa vuguvugu. Nikapanda kwenye kiti, nikafungua kifuniko, nikatoa kichujio nikitamani kiwe na vumbi la mwaka mzima. Kilikuwa cheupe. Mama alisema anakiosha kila Ijumaa, kama nilivyomwelekeza, akasubiri nimsifu. Nikamsifu, nikakirudisha mahali pake.

Nikatoka nje nyuma ya nyumba. Mashine ya nje ilikuwa safi, hakuna jani wala unyoya. Feni ilikuwa inazunguka, kompresa inanguruma sawasawa, umeme unaingia wa kutosha. Kila kitu nilichokigusa kilikuwa kizima, na kila kilipokuwa kizima mimi nilizidi kuumwa. Sijapata kuona fundi akisononeka kwa kukuta kitu hakijaharibika. Bomba jembamba lilikuwa limeshika barafu, bomba nene lina joto. Hiyo ni dalili ya mashine yenye njaa ya gesi. Nikafunga geji ya kupimia gesi, mshale ukaanguka chini kabisa, karibu na mwisho.

Mama alinifuata na kigoda, akaketi kivulini. Alitaka mtu wa kuzungumza naye, na mimi nilikuwa nimeinamia mabomba nisionekane uso. Akaniambia mzee hali chakula. Si kwamba hawezi kumeza. Alimeza vizuri tu mpaka mwezi uliopita. Siku moja akabana meno, na tangu hapo ni kijiko kimoja, viwili, siku nyingine hakuna. Daktari alikuja nyumbani, akampima kila mahali, akasema mwili hauna kidonda, tumbo halina kitu, damu si mbaya. Akasema akiendelea hivi wiki mbili zaidi, asilaumiwe mtu. Wanawe wamekuja, wamebembeleza, wameondoka wakilia. Mjukuu wake mpenzi haingii tena chumbani, anasimama mlangoni amejishika pua.

Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna lile jambo la harufu. Nikasema harufu gani, mama. Akatabasamu kwa uchungu, akasema nina heshima kama mama yangu. Ilianza kama miezi miwili iliyopita, akasema. Alimwosha mara moja kwa siku, ikawa mbili, sasa ni tatu. Alibadilisha godoro. Alibadilisha sabuni. Siku moja alichoka, akamwambia kwa hasira: baba, unanuka, sijui umeoza wapi. Aliyasema hayo kwa mtu aliyekuwa akiwarudisha watu wakaoge.

"Siku ile ndiyo aliyobana meno?" nikauliza.

"Kesho yake," akasema.

Hapo ningeweza kusema. Neno lilifika kooni. Lakini moyo wa mwoga hauishiwi na hatua za kupima, nikachota povu la sabuni nikapaka kwenye maungio ya nje, moja baada ya jingine, nikiomba litoe mapovu. Kama ilivuja nje, basi gesi ilikwenda zake na upepo, na harufu ya ndani ni ya mgonjwa kweli. Elewa nilichokuwa naombea. Nilikuwa naombea mzee wa watu awe ananuka.

Povu lilitulia kama maziwa kwenye sahani. Nje hapakuwa na tundu.

Nikachukua ngazi, nikarudi chumbani. Mzee alikuwa amefumba macho. Nikapanda, nikachungulia nyuma ya mashine ya ndani, pale mabomba yanapotokea ukutani, na nikaona doa la mafuta limechora ukuta mpaka chini, mstari mweusi unaong'aa ulioishia nyuma ya mto wake. Gesi ikitoka hutoka na mafuta ya kompresa. Nikapaka povu. Halikungoja. Lilifura, likapasuka, likafura tena, na nilipotega sikio nikasikia lile fyuuu jembamba ambalo feni ilikuwa inalifunika muda wote. Ilikuwa nati yangu. Nilijua kwa alama ya spana yangu iliyokatika jino. Niliikaza kupita kiasi, mdomo wa bomba ukachanika.

Nikiwa bado juu ya ngazi, nikasikia sauti ya kiberiti kikitikiswa.

Mama alikuwa amenifuata ndani, amepiga magoti pembeni ya godoro. Mkononi alikuwa na mshumaa wa manukato, ule mnene wa kwenye glasi. Alikuwa ameniona nikinusanusa kule juu, akaona aibu, akaamua kunisitiri mgeni wake. Baadaye nilijua kwamba mshumaa huo huwa anauwasha sebuleni tu. Ndani ya chumba kile siku hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza, na ilikuwa kwa ajili yangu.

Gesi ile ni nzito kuliko hewa. Inashuka, inatambaa sakafuni, inajaa kwenye mashimo kama maji. Miezi miwili ilikuwa inachuruzika kidogo, wiki hii imebubujika, katika chumba kilichozibwa utepe, na yeye amepiga magoti ndani yake na njiti mkononi.

"Mama," nikasema, "usiwashe."

"Usijali, mwanangu," akasema bila kuinua kichwa. "Najua unavumilia tu."

Akakwangua njiti. Ikavunjika. Akatoa nyingine.

Sikumbuki kushuka. Ninakumbuka nimemshika kifundo cha mkono, mke wa mtu, mzee wa rika la mama yangu, nimemshika mbele ya mume wake kwa nguvu hata ngozi yake ikabadilika rangi. Alinitazama kama ninavyostahili kutazamwa. Kiberiti kilidondoka, njiti zikatawanyika juu ya shuka. Nikamwambia polepole, kwa sababu niliogopa hata sauti yangu, kwamba hapa pana gesi, asiguse swichi, asiguse rimoti, asiguse chochote, ashike tu ncha ile ya godoro.

Hakuuliza. Wanawake waliouguza hawaulizi maswali wakati wa kubeba. Alishika ncha ya miguuni, mimi ya kichwani, tukamburuta mzee na godoro lake kama tunavyoburuta gunia, tukakwama kwenye kizingiti, nikavuta, kitu kikapasuka begani mwangu, tukapita. Friji ya sebuleni ilinguruma tulipoipita. Nilihesabu hatua mpaka barazani, na kila hatua nilingoja mgongo wangu uungue. Mzee alikuwa macho, ananiangalia kinyumenyume kutoka godoroni, na muda wote ule mkono wake mzima haukutoka mdomoni.

Tulimfikisha barazani, kwenye upepo. Nikamwambia mama akae naye mbali na mlango. Nikaenda kuzima umeme kwenye swichi kuu iliyoko ukuta wa nje, kisha nikazunguka nyuma, nikavunja vioo vya madirisha yote mawili kwa spana kutokea nje. Harufu ilinipiga usoni kama pumzi ya mnyama. Nikangoja hapo. Hakuna kilicholipuka. Hakuna kilichotokea kabisa, jua lilikuwa linawaka kama kawaida na jirani alikuwa anafagia uwanja wake.

Niliporudi barazani mama alikuwa anamfuta mzee jasho.

"Niambie," akasema.

Nikamwambia ni gesi ya kiyoyozi, imevuja nyuma ya mashine. Akasema yeye hana elimu ya mitambo, lakini aliwahi kusikia kwamba gesi ya kiyoyozi haina harufu kali. Nikasema ni kweli, haina. Akasema basi hii ni gesi gani. Nikasema ni ya kupikia. Akasema huku akihesabu kwa vidole, si kwa ajili yangu, kwa ajili yake: ulikuja mara ya kwanza mwanzoni mwa joto. Harufu ilianza wiki ileile. Ulikuja mara ya pili, ikazidi. Kila kidole alichokunja nilikisikia kifuani.

Nilikuwa na uongo tayari. Ulikuwa mzuri, nilishautengeneza tangu niko juu ya ndoo yangu asubuhi: dukani walituuzia mtungi usio wake, mimi mwenyewe nimedanganywa, nitawafuata. Mama angeuamini. Alishauwekea nafasi, alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri aambiwe jambo la kumpa nafuu, kwa sababu kumchukia fundi aliyekufanya uone mumeo ameoza akiwa hai ni kazi kubwa kwa mwanamke aliyechoka. Nikafungua mdomo.

Mzee akatangulia. Mkono ulikuwa umeondoka mdomoni, midomo inahangaika. Tukamwinamia wote wawili.

"Si... mimi?" akasema.

Mama alijifunika uso kwa kanga. Nilimsikia akisema ndani ya kitambaa, mara nyingi, baba nisamehe, baba nisamehe, lakini mzee hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa ananitazama mimi, fundi, kwa macho ya mtu aliyezoea kupima, anayetaka kipimo sahihi. Nilielewa basi kwa nini alikuwa anabana meno. Kama chakula hakiingii, hakuna kitakachooza. Alikuwa anajisafisha kwa njia pekee iliyobaki kwenye uwezo wake, na alikuwa karibu kumaliza.

"Si wewe, mzee," nikasema. "Wewe hujanuka hata siku moja. Ni mimi. Niliweka gesi ya kupikia nikijua, nikaja mara ya pili nikijua, na leo nimeingia nikaisikia harufu nikanyamaza nikijua. Nilitaka iwe yako."

Macho ya mzee yalijaa maji, yakamwagika upande ule uliokufa, ambao haujui kufuta. Nilitegemea mama anifukuze, na ningeondoka nikikimbia. Aliinuka bila kunitazama, akavuka kwenda kwa jirani, akarudi na kikombe cha maziwa na kijiko. Akapiga magoti. Akapeleka kijiko mdomoni kwa mzee, na mzee akabana meno kama kawaida, kwa mazoea ya mwezi mzima. Kijiko kikangoja hapo, maziwa yakidondokea shingoni.

"Mwambie tena," mama akasema.

Nikasema, "Si wewe, mzee, ni mimi."

Meno yalifunguka kidogo. Kijiko kikaingia. Akameza, tukaona koo lake likipanda na kushuka, kisha akafunga tena, akaninyooshea macho. Nikasema tena. Akafungua tena. Jirani aliacha kufagia, akasogea mpaka kwenye ua, na nyuma yake wakaja wengine wawili, wote ni wateja wangu, wakisikia vizuri ninachosema. Nilijaribu kupunguza sauti, meno yakafunga. Nikaipandisha. Kikombe kilikuwa bado kimejaa.